Je, wakazi wanaweza kufuatilia ujenzi na ukuaji wa mtaa wao? Jibu kwa msomaji wa Tanga

Swali: Mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa mtaa mmoja pembezoni mwa jiji la Tanga, upande wa njia ya Pongwe. Tulipohamia hapa miaka tisa iliyopita tulikuwa kaya chache, na kati ya nyumba zetu kulikuwa na mashamba ya muhogo na minazi ya hapa na pale. Leo kila nikitoka nje nasikia mashine ya kufyatulia matofali. Eneo ambalo wakati wa kununua tulionyeshwa kuwa ni la wazi, ambako watoto wetu hucheza mpira, limechimbiwa nguzo za zege na seng'enge imeanza kufungwa. Masika yaliyopita maji yalisimama uani kwangu siku tatu, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Tukienda ofisi ya mtaa tunaambiwa tuwe na subira, na baadhi ya majirani wanatuita wachochezi tusiopenda maendeleo. Je, sisi wakazi wa kawaida tuna haki ya kufuatilia ujenzi unaoendelea? Na kama tunayo, tuanzie wapi?

Jibu: Dada yangu, haki hiyo mnayo. Ibara ya 27 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamwekea kila mtu wajibu wa kulinda mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi, na eneo la wazi lililotengwa kwenye mchoro wa mipango miji ni mali ya namna hiyo. Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii, na ibara ya 146 inaeleza kwamba serikali za mitaa zimewekwa kwa madhumuni ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Mtu anayeuliza nguzo zile ni za nani, na zimesimikwa kwa idhini ya nani, anatimiza wajibu aliopewa na Katiba, na hapaswi kulionea haya swali lake.

Swali lako la pili, la wapi pa kuanzia, ndilo gumu zaidi, na nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu katika kazi ya upangaji miji nimeona wakazi wengi wenye haki wakishindwa kwa kuanzia mahali pasipofaa. Wengi huanzia ukutani. Siku ukuta unapofika usawa wa kiuno ndipo watu wanapokusanyika, sauti zinapanda, mwenyekiti anaitwa, na mwenye ujenzi anatoa karatasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona wala anayejua kuisoma. Mkusanyiko unatawanyika kwa hasira na ukuta unaendelea kupanda. Wanachokosa wakazi hao ni ufahamu kwamba nyumba huanza kwenye karatasi, miezi na pengine miaka kabla haijaonekana ardhini, na kwamba anayetaka kuulinda mtaa wake hana budi kuyafuata maamuzi kule yanakofanyika, akiwa na kumbukumbu zake mwenyewe mkononi.

Niseme kwanza kidogo kuhusu mji wenyewe, kwa maana yanayoupata mtaa wako hayakuzuka peke yake. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 273,332 katika Jiji la Tanga; sensa ya mwaka 2022 ilikuta wamepita 390,000. Ongezeko hilo la zaidi ya watu 100,000 ndani ya miaka kumi halikuweza kuenea Ngamiani, ambako barabara za namba zilipangwa tangu zamani na viwanja vimejaa, wala Raskazone au Chumbageni. Limemwagikia pembezoni, kwenye mashamba ya minazi, ya muhogo na yaliyokuwa mashamba ya mkonge, na bei za ardhi zimechochewa zaidi na matumaini yaliyoletwa na upanuzi wa bandari pamoja na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, ambalo mwisho wake ni Chongoleani. Wazee wetu waliusifu mji huu kwa kusema waja leo waondoka leo. Wanaokuja sasa hawaondoki. Wananunua, wanajenga na wanasomesha watoto hapa, na wana haki ya kufanya hivyo kama ulivyokuwa nayo wewe miaka tisa iliyopita. Nalisema hili mapema kwa sababu ufuatiliaji unaogeuka kuwa chuki dhidi ya wageni hupoteza uhalali wake siku ileile.

Sasa tuzungumzie karatasi. Katika utaratibu wa Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, eneo la mji huwa na mpango wa jumla, ambao wengi wetu tunauita mpango kabambe, unaoonyesha kwa upana wapi patakuwa makazi, viwanda, biashara na hifadhi. Chini yake ipo michoro ya kina, ile ambayo mtaani huitwa mchoro wa TP, inayoonyesha kiwanja kimojakimoja, barabara zenye upana wake, eneo la shule, la zahanati, la kuabudia, la makaburi na eneo la wazi, ambalo mara nyingi hupakwa rangi ya kijani. Mchoro ukishaidhinishwa hufuata upimaji, ambapo mpima husimika bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, na kuandaa ramani ya upimaji. Kisha ugawaji, kisha hati, na mwishoni kabisa kibali cha ujenzi kinachotolewa na halmashauri. Mnachokiona nyinyi, yaani mafundi na mchanga, ni hatua ya mwisho ya safari ndefu, na kila kituo cha safari hiyo kina karatasi yenye namba, tarehe na sahihi.

Eneo la wazi hupotea kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo, na kabla hamjamwandikia mtu yeyote barua ni lazima mjue yenu ni ipi. Njia ya kwanza ni uvamizi: mchoro bado unasema eneo ni la wazi, lakini mtu ameuziwa na asiye na mamlaka ya kuuza, pengine kwa mkataba uliogongwa muhuri, naye anaamini kwa dhati kwamba ni mmiliki. Muhuri huo haumsaidii. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kugawa ardhi ya mji wala ya kutoa kibali cha ujenzi, na aliyenunua eneo la umma hakupata kitu ambacho muuzaji hakuwa nacho. Njia ya pili ni mabadiliko ya mchoro wenyewe: mtu aliomba matumizi yabadilishwe, maombi yakapita, na eneo ambalo kwenye mchoro wa kwanza lilikuwa la kijani sasa ni viwanja vitatu vyenye namba. Mabadiliko kama hayo hayatakiwi kupita kimyakimya. Maombi hutangazwa ili walio jirani wapate nafasi ya kupinga, na tangazo hilo huwekwa gazetini na kwenye eneo husika. Uvamizi unashughulikiwa kwa kuiomba halmashauri ifanye kazi yake ya kudhibiti uendelezaji. Mabadiliko yaliyoidhinishwa yanashughulikiwa kwa kuhoji namna yalivyoidhinishwa: tangazo lilibandikwa lini, wapi, na ni nani aliyeshirikishwa. Mkimshambulia kwa maneno ya uvamizi mtu mwenye hati iliyopatikana kwa utaratibu, mmeshindwa kabla hamjaanza, na pengine mtajikuta mmeshitakiwa.

Ipo pia hali ya tatu, ambayo nina hofu kwamba inaugusa mtaa wako kwa sababu umesema mlinunua mashambani: huenda eneo lote halikuwa na mchoro mlipohamia, na lile eneo la wazi mlionyeshwa kwa mdomo tu na aliyewauzia. Kama ndivyo, kinga yenu iko kwenye urasimishaji, ambapo makazi yaliyojengwa bila mpango yanachorwa, yanapimwa na kumilikishwa. Katika zoezi hilo huchaguliwa kamati ya wakazi kwenye mkutano wa mtaa, kampuni ya upangaji na upimaji inakuja na rasimu, na wenye maeneo wanakubaliana nani amege hatua ngapi kwa ajili ya njia. Naliona zoezi hili kuwa saa muhimu kuliko zote katika maisha ya mtaa, lakini mara nyingi watu huwaza hati peke yake na kuuliza lini itatoka, wakati rasimu imebandikwa ukutani mwa ofisi na hakuna anayeitazama. Kila mmoja anatafuta kiwanja chake; hakuna anayetafuta mfereji, wala njia ya gari la zimamoto, wala mahali pa kuchezea watoto. Kisichochorwa siku hiyo hakitapatikana tena isipokuwa kwa fidia, na mnajua fidia hucheleweshwa vipi.

Utaipataje karatasi hiyo? Andikeni barua kwa mkurugenzi wa jiji, mkielekeza kwa afisa mipango miji, muombe mambo matatu tu: namba ya mchoro unaohusu eneo lenu, tarehe ulipoidhinishwa, na marekebisho yoyote yaliyofanywa baada ya tarehe hiyo. Pelekeni nakala mbili, na ile mnayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa hadi siku 30 za kujibu, na akikataa anapaswa kutoa sababu. Bila muhuri ule siku 30 hazina pa kuanzia kuhesabiwa. Nimeona wakazi wakisumbuliwa miezi minane kwa sababu tu waliacha barua kwa mlinzi. Angalizo moja: sheria hiyohiyo inamwadhibu anayepotosha taarifa aliyoipata, kwa hiyo mkipewa mchoro msiukate wala kuuchorachora na kuusambaza, pigeni nakala ya ukurasa mzima.

Mchoro ukishapatikana, tembeeni nao. Chagueni siku ya mapumziko, watu watano au sita, wakiwamo wanawake na angalau mzee mmoja anayeijua ardhi ilivyokuwa, na muanze kwenye kitu kisichohama, kama makutano ya barabara au kona ya shule. Kutoka hapo tafuteni bikoni. Bikoni ni kipande cha nondo kilichosimikwa katikati ya zege iliyozama ardhini, na juu ya zege hiyo huwa pameandikwa herufi na namba kabla saruji haijakauka. Mara nyingi imefunikwa na majani au udongo wa tuta la viazi, na mtalazimika kufagia kwa mkono ili namba isomeke. Namba mtakayoikuta ilinganisheni na ile iliyo kwenye ramani ya upimaji. Mkikuta shimo bichi mahali bikoni ilipotakiwa kuwa, lipigeni picha pamoja na kitu cha kulinganishia ukubwa, muandike siku na saa, wala msijaribu kuirudisha wenyewe. Kuondoa au kuhamisha bikoni ni kosa, na mtu aliyekutwa na sururu mkononi hawezi kueleza vizuri kwamba alikuwa anasaidia.

Hapo ndipo linapoanza daftari, ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha jibu hili. Niliwahi kushuhudia katika mji mmoja wa pwani mashauri mawili ya mwaka mmoja. Katika la kwanza, wakazi walikuja na simu zenye picha zaidi ya mia, nyingi zimetumwa na kutumwa tena kwenye makundi ya mtaa mpaka tarehe zake zimepotea, na mwenye ujenzi aliposema kwamba nyumba yake ilikuwapo kabla ya mchoro kuidhinishwa, hakuna picha hata moja iliyoweza kumjibu. Katika la pili alikuja mwalimu mstaafu na daftari moja la mistari, la kurasa 96, jalada limechakaa. Ndani yake aliandika kila lori la kifusi lililomwagwa bondeni nyuma ya nyumba yake kwa muda wa mwaka mzima: tarehe, saa, upande lililotokea, na hatua ngapi za bonde zilizofunikwa wiki ile. Hakuandika jina la mtu wala neno la kumlaumu yeyote. Maofisa walilisoma kwa zamu, wakaenda bondeni wakapima, wakakuta vipimo vinakaribiana na vyake, na mwenye kumwaga kifusi hakupata la kusema. Shauri lile liliisha mchana uleule. Mwalimu yule hakuwa na ujuzi wa sheria wala wa upimaji. Alikuwa na uvumilivu wa kuandika kila siku jambo aliloliona kwa macho yake.

Ukurasa wa daftari lenu unaweza kusomeka hivi: "Jumamosi, saa 4 asubuhi. Eneo la wazi, upande wa mashariki wa mwembe mkubwa. Nguzo 14 za zege, seng'enge nyuzi 3. Hakuna bango la mradi. Mafundi 4. Mfereji umezibwa kwa kifusi urefu wa hatua 11. Walioshuhudia: watu 3, sahihi zao hapa chini." Hayo yanatosha. Msiandike kwamba eneo limeibwa, wala kwamba fulani amehongwa, kwa kuwa hamkuona wizi wala hongo. Mliona nguzo 14. Nimetaja bango kwa makusudi: mradi unaojengwa na mkandarasi hutakiwa kuwa na bango linalomtaja mwenye mradi, mkandarasi na wataalamu wake, na kutokuwapo kwake ni jambo linalostahili kuandikwa kama lilivyo.

Lakini daftari likiandika makosa peke yake, litakuwa limeona nusu ya mtaa. Ukuaji una upande wake wa halali ambao nao unahitaji kuhesabiwa, na pengine huo ndio utakaowafaa zaidi. Kila baada ya miezi sita hesabuni mapaa. Andikeni nyumba ngapi zimehamiwa, ngapi ziko kwenye msingi, ngapi zimefika kwenye lenta, na ngapi zimebadilika kutoka makazi kuwa gereji, baa au ghala. Ulizeni shule ya msingi iliyo jirani darasa la kwanza limeandikisha watoto wangapi mwaka huu na mwaka jana. Hesabuni kaya zinazochota maji kwenye kioski kimoja na muda wa foleni asubuhi. Pimeni kwa hatua upana wa njia kuu ya mtaa mahali palepale kila mara, kwa sababu njia haimezwi siku moja. Humegwa na ngazi ya huyu, kibaraza cha yule na ua wa maua wa mwingine, mpaka gari la wagonjwa linashindwa kupita. Hesabu hii ni ya mtaa wenu na isemwe hivyo, isipewe sura ya takwimu rasmi. Hata hivyo diwani anayekwenda kuomba madarasa au bomba kubwa zaidi atashukuru kuwa nayo, na mkuu wa shule pia.

Wakazi kuufahamu na kuuandika mji wao si jambo geni nchini. Hanna Nassif, katika Kinondoni, miaka ya 1990 wakazi walishiriki kupanga na kujenga mifereji na njia za makazi yao yaliyokuwa yakifurika kila masika. Tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria, pia Dar es Salaam, uliwatuma wanafunzi wa vyuo vikuu na vijana wa mitaa kuchora nyumba, mifereji na maeneo yanayofurika, wakitumia simu na kuwauliza wazee maji hufika wapi. Ramani hizo ziliwekwa wazi kwa kila mtu. Kijana mmoja wa mtaani kwenu mwenye simu ya kawaida anaweza kuiweka mifereji yenu kwenye ramani ya namna hiyo ndani ya siku mbili, na picha za setelaiti za miaka iliyopita, ambazo programu za ramani huzionyesha bila malipo, zitawasaidia kuthibitisha eneo lilikuwa tupu mwaka gani.

Umeandika kwamba maji yalisimama uani siku tatu, nami silichukulii kuwa jambo la pembeni. Ardhi ya shamba hunywa maji. Paa la bati na ua uliosakafiwa huyatema yote kwa mara moja, na nyumba 50 zikiongezeka juu ya mteremko bila mfereji, maji yaliyokuwa yakizama ardhini yanakuja kwako. Fuateni maji wakati mvua inanyesha, msisubiri iishe. Andikeni yanakotoka, yanakogeukia na yanakozuiwa, na mtagundua mara nyingi kwamba kizuizi ni kimoja: karavati lililozibwa, au ukuta uliojengwa juu ya njia ya maji. Kama njia hiyo ni kijito au inaishia ufukweni au kwenye mikoko, lipo jambo jingine la kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari pale zinapoweza kuharibu mazingira hayo, na mikoko ni msitu wa hifadhi unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Hapo anwani yenu haitakuwa jiji peke yake. Mtaliandikia pia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Na ikitokea siku moja mwekezaji akaja na mradi wa nyumba nyingi kwa pamoja, ulizeni mapema kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira, kwa sababu majirani wa miradi mikubwa hutakiwa kushirikishwa na kutoa maoni, na ushiriki wa kweli huacha muhtasari wenye majina na tarehe.

Kuhusu njia ya kupeleka hoja, nashauri mkutano wa mtaa uwe kituo cha kwanza hata kama mmeshachoshwa na neno subira, kwa sababu jambo lililoingia kwenye muhtasari wa mkutano linakuwa la mtaa na linaacha kuwa la mama mmoja anayelalamika. Ombeni liwekwe kwenye ajenda kwa maandishi, na baada ya mkutano ombeni nakala ya muhtasari. Kutoka hapo linakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti, kisha kwa wataalamu na kamati ya mipango miji ya halmashauri. Vikao vya Baraza la Madiwani hufanyika kila robo mwaka na wananchi wanaruhusiwa kuhudhuria na kusikiliza. Wachache mno huhudhuria, na madiwani hutambua haraka sura zinazorudi. Barua zenu zote ziwe na maelezo na swali, zisiwe na shutuma. Kwa mfano: "Mchoro mliotupatia unaonyesha eneo hili ni la wazi. Tarehe fulani tulikuta nguzo 14. Tunaomba kujua kama kipo kibali cha uendelezaji, na kama hakipo, halmashauri itachukua hatua gani na lini." Ofisa anayepokea barua kama hiyo hana pa kuiweka isipokuwa kuijibu. Mabaraza ya ardhi ni ya migogoro ya umiliki, na kwa sasa baraza la kata kazi yake ni kusuluhisha. Msikimbilie huko kama hoja yenu ni ya udhibiti wa ujenzi.

Muda ni jambo ambalo wakazi hulidharau. Ujenzi uliosimamishwa ukiwa kwenye msingi humgharimu mwenyewe fedha kidogo, na ofisa hupata ujasiri wa kuweka alama ya X nyekundu. Ukifika kwenye lenta, mambo yanakuwa mazito. Ukishapauliwa na familia ikahamia na watoto wake, hata mimi, kwa moyo mweupe kabisa, sitaki kuona nyumba ile ikibomolewa, na nitatafuta kila njia isitokee. Ndiyo maana kuchelewa kwenu kunamwumiza hata yule mnayempinga: mkimwambia wiki ya kwanza kwamba alichouziwa ni eneo la umma, bado anaweza kumfuata aliyemwuzia na kudai fedha zake. Nendeni mkamwambie, kwa adabu, wawili au watatu, mchana.

Mjilinde pia. Msiingie ndani ya kiwanja cha mtu kupiga picha, barabarani panatosha. Msipige picha za watoto na mafundi, wala msisambaze namba ya simu au jina la mwenye ujenzi kwenye makundi ya mtaa, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu nanyi. Daftari likae kwa mtu asiyegombea cheo, na nakala ya kila ukurasa ibaki kwa mtu mwingine. Wapangaji waingizwe kwenye kikundi, ingawa desturi yetu ni kuwaona kama wapita njia. Wao ndio hukaa kwenye vyumba vya chini vinavyoingia maji kwanza. Na kanuni moja iwe kwa wote: mkiandika nguzo za tajiri aliyetoka mbali huku mkifumbia macho kibaraza cha jirani yenu kilichoingia njiani hatua mbili, daftari lenu halitaheshimiwa na yeyote, na kwa haki kabisa.

Kwa hali yako basi, dada yangu, wiki hii hesabu nguzo zile na uandike, mbele ya mashahidi wawili, ziko ngapi na zimefikia wapi. Barua ya kuomba mchoro iende Jumatatu, na urudi na nakala yenye muhuri. Kwenye eneo lile, tafuteni bikoni kabla majani hayajaota tena. Na kwa kuwa vuli hutangulia masika, nenda leo kwenye ukuta wa uani kwako, utafute mstari wa tope ulioachwa na maji yale ya siku tatu, uupime kutoka chini kwa futi ya fundi, uuchore kwa rangi isiyofutika na uandike mwaka pembeni yake.